USINGIZI WAKO UNA SAA YAKE: MKWAJU, PANGO NA TAA YA UMEME



Ndugu yangu, dada yangu, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Tulia uisome mpaka mwisho, maana imetokana na kosa langu mwenyewe.

Siku moja baada ya sala ya Magharibi nilisimama msikitini nikawakemea vijana. Nikasema anayelala mpaka Alfajiri ikampita ni mvivu tu. Nikaongeza kwamba anayegaagaa kitandani usiku kucha bila usingizi, moyo wake umejaa dunia. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikaridhika kwamba ujumbe umefika.

Tulipotoka, kijana mmoja alinisubiri penye viatu. Akaniambia: "Ustadhi, mimi ni mlinzi wa ghala. Leo ni siku yangu ya mapumziko, ndiyo maana umeniona. Siku nyingine naingia kazini saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi. Nikitoka naendesha bodaboda mpaka adhuhuri. Nikienda kulala, macho yanakodolea dari. Juzi nimesinzia barabarani, nyuma nimebeba mama na mtoto wake. Tumepona kwa rehema za Mungu. Sasa niambie, na mimi moyo wangu umejaa dunia?"

Sikuwa na jibu. Nilimwombea dua, akaenda zake. Lakini swali lake lilinikosesha usingizi mimi mwenyewe! Nikaanza kusoma: usingizi unakujaje? Nani anaupangia saa? Niliyoyakuta ni historia ndefu na tamu. Nakuletea kidogo kidogo.

1. MTI UNAOLALA

Zaidi ya miaka 2300 iliyopita, Aleksanda wa Makedonia alituma watu wake kuzichunguza pwani za Ghuba. Mmoja wao, Androsthenes, alifika katika kisiwa kilichoitwa Tylos. Ndicho Bahrain ya leo. Huko aliona mti ambao majani yake hufunguka mchana na kujikunja usiku. Wenyeji wa kisiwa walikuwa na maelezo mafupi: mti ule unalala. Wataalamu wengi wanaona kwamba mti wenyewe ulikuwa mkwaju.

Mkwaju, ndugu yangu! Mti huu huu unaokupa ukwaju wa kutengeneza juisi wakati wa Ramadhani. Ukiwa nao uani kwako, utazame jioni. Utaona vijani vyake vinakutana kama viganja vya mtu anayeomba dua.

Ikapita miaka mingi sana. Mwaka 1729 mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alikuwa na mmea wa jamii ya kifauongo, ule ambao watoto huugusa ukajikunja. Nao hufunga majani usiku na kuyafungua mchana. Mairan akajiuliza: je, ni jua linaloufungua? Akaufungia mahali penye giza, mwanga usiingie. Akachungulia. Mchana ulipofika, mmea ukafungua majani gizani. Usiku ulipofika, ukayafunga.

Tafakari hapo. Mmea haukuliona jua, lakini ulijua kumekucha. Mairan mwenyewe hakuthubutu kusema kwamba mmea una saa ndani yake. Alidhani labda unalihisi jua kwa njia nyingine. Wanasayansi wa baadaye ndio waliothibitisha kwamba saa ipo ndani ya kiumbe.

Je, na wewe unayo?

2. WATU WA PANGONI

Msomaji wa Suratul-Kahf anakijua kisa cha vijana waliolala pangoni. Walipoamka waliulizana wamekaa muda gani, na jibu lao lilikuwa siku moja au sehemu ya siku. Kumbe ilikuwa ni miaka mia tatu na tisa juu yake. Kile ni muujiza, na muujiza hauhitaji maabara. Sitaki kuuchanganya na majaribio ya watu. Nakukumbusha jambo moja tu: mtu akitengwa na jua, hesabu ya muda inampotea.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1938, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago aitwaye Nathaniel Kleitman aliingia katika pango la Mammoth, jimbo la Kentucky, pamoja na mwanafunzi wake Bruce Richardson. Walikaa humo siku 32. Hakuna jua, hakuna jogoo, na baridi ya nyuzi kama 12 haibadiliki. Miguu ya vitanda waliitumbukiza kwenye makopo ili panya wasipande.

Walitaka kujua kama mwili unaweza kuzoea siku ya saa 28 badala ya 24. Kwa hesabu yao, wiki ikawa na siku 6. Richardson, aliyekuwa kijana, aliizoea. Kleitman, mtu wa miaka 43, mwili wake ulikataa. Usingizi uliendelea kumjia kwa saa za nje ya pango, na joto la mwili wake likaendelea kupanda na kushuka kwa mzunguko ule ule wa saa 24. Ratiba ilisema lala, mwili ukasema bado.

Mwaka 1962 akaja Mfaransa, Michel Siffre, kijana wa miaka 23. Alishuka katika pango la barafu liitwalo Scarasson, kwenye milima ya Alps, akaingia peke yake bila saa. Wenzake walibaki mlangoni. Akiamka anawapigia simu, akila anapiga, akitaka kulala anapiga. Wao wanaandika, lakini hawana ruhusa ya kumwambia ni saa ngapi wala ni siku gani.

Alikaa humo miezi miwili. Walipomtoa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilimpotea! Aliambiwa ahesabu kutoka 1 hadi 120, namba moja kwa sekunde, yaani dakika mbili. Alitumia dakika tano.

Lakini sikiliza jambo la ajabu. Akili yake ilipotea hesabu, mwili wake haukupotea. Ule mzunguko wa kuamka na kulala, ukiangalia daftari la wenzake, ulikuwa kama saa 24 na nusu. Yeye hakujua ni siku gani, saa yake ya ndani ilijua.

3. SAA INAYOCHELEWA KIDOGO

Miaka hiyo hiyo ya 1960, kule Andechs kusini mwa Ujerumani, Jürgen Aschoff na mwenzake Rütger Wever walijenga nyumba ya chini ya ardhi isiyopitisha mwanga wala kelele. Watu wa kujitolea wakakaa humo wiki kadhaa. Siku zao zilirefuka kidogo kupita saa 24, kama 25 hivi. Baadaye ikabainika kwamba taa walizowasha na kuzima wenyewe zilikuwa zinaichezea saa. Mwaka 1999 kundi la Charles Czeisler huko Marekani lilipima kwa uangalifu zaidi, likapata wastani wa saa 24 na dakika kama 11.

Hizo dakika 11 usizidharau. Maana yake ni kwamba saa yako ya ndani, ikiachwa peke yake, inachelewa kidogo kila siku. Kama saa ya ukutani inayochelewa dakika 11 kila siku, baada ya wiki moja tu imekwisha kukukosesha miadi. Inahitaji mtu wa kuirekebisha kila asubuhi.

Nani anairekebisha? Jua.

Saa kuu ya mwili iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Watafiti waliitambua mwaka 1972. Ni kifungu kidogo cha seli kama elfu 20, kidogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 2002 ikaonekana kwamba ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona watu na vitu. Zinapima mwanga na kupeleka habari kwenye saa hiyo. Zinauitikia zaidi mwanga wa buluu, kama ule wa mbingu ya asubuhi. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyozunguka ndani ya seli. Waliijua kwa kuchunguza nini? Vinzi vidogo vinavyozunguka matunda yaliyoiva! Kiumbe unayempunga kwa mkono anakaribiana nawe kwa saa yake.

4. BASI USINGIZI UNASHUKAJE?

Mwaka 1982 mtafiti wa Uswisi, Alexander Borbély, alilieleza jambo hili kwa njia nyepesi. Usingizi unakuja pale mambo mawili yanapokutana.

Jambo la kwanza ni deni. Tangu unapofumbua macho asubuhi, ubongo unapofanya kazi, kitu kiitwacho adenosini kinajikusanya humo. Kadiri unavyokaa macho, ndivyo kinavyozidi na ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Ukilala, deni linalipwa.

Jambo la pili ni ile saa. Jioni giza linapoingia, saa inaruhusu mwili utoe homoni ya melatonini, iliyogunduliwa na Aaron Lerner mwaka 1958. Hiyo haikupigi ukalala kama nusu kaputi. Ni kama mwadhini: inatangaza kwamba usiku umeingia. Joto la mwili linaanza kushuka, na mlango wa usingizi unafunguka.

Deni likiwa kubwa na saa ikaruhusu, unalala bila kujua umelala saa ngapi. Lakini deni likiwa kubwa na saa ikasema ni mchana, ndipo mtu anachoka mpaka mifupa na bado anaangalia dari. Umemkumbuka yule kijana wetu? Deni lilikuwepo. Saa yake ilikuwa inasema: jua limetoka, amka.

Hapa niingize kahawa kidogo, maana wapo wenzangu wa dele na kashata. Karne ya 15, masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 mtawala wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, na marufuku hiyo haikudumu. Mwaka 1819 Mjerumani Friedlieb Runge akatoa ndani ya buni kile kinachokesha watu, yaani kafeini. Leo tunajua inavyofanya kazi: inakaa kwenye kiti cha adenosini. Deni halijalipwa, ni mdai tu amekosa pa kukaa. Kahawa ikiondoka, mdai anaingia na madai yake yote. Na kwa watu wengi, saa tano baada ya kikombe, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Ukinywa saa 1 usiku, saa 6 usiku usimlaumu jini.

5. WAZEE WALILALAJE KABLA YA UMEME?

Mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, alipekua maandishi ya zamani ya Ulaya, zikiwemo kumbukumbu za mahakama na shajara za watu. Akakuta watu wakitaja "usingizi wa kwanza" na "usingizi wa pili" kama jambo la kawaida. Walilala mapema, wakaamka katikati ya usiku kwa muda, wakasali, wakaongea, wakachochea moto, kisha wakalala tena. Katika miaka ya 1990 daktari Thomas Wehr aliwaweka wanaume wachache katika giza la saa 14 kila usiku kwa muda wa mwezi. Usingizi wao ukagawanyika mara mbili.

Msomaji wangu mwislamu hapa atatabasamu. Mtume s.a.w. alitueleza kuhusu sala ya usiku ya Nabii Dawud: alilala nusu ya usiku, akasimama theluthi, akalala tena sudusi. Basi kuamka usiku si ugonjwa. Ukiamka saa 9 usiku, usishike simu ukaanza kuhesabu saa zilizobaki. Wako wengi kabla yako walioamka saa hizo.

Lakini tuwe waadilifu, tusishike ushahidi mmoja tukaacha mwingine. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadza wa hapa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia, na Watsimane wa Bolivia. Hawa hawakuwa na kawaida ya kugawa usiku mara mbili. Wala hawakulala jua linapozama. Kwa wastani walilala saa 3 na kitu baada ya machweo, na wakapata usingizi wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Wengi tunadhani wazee walilala saa kumi kama watoto. Sivyo.

Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine kwa Wahadza. Watu wazima 33 walipimwa kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu! Kila wakati alikuwepo mtu aliye macho au anayesinzia nusunusu. Mzee anaamka mapema, kijana anachelewa kulala, na kambi inalindwa bila kupangiana zamu.

Niliposoma hapo nilijisikia aibu. Maana saa za watu hazifanani. Mtu anapobalehe, saa yake inasogea mbele, usingizi unachelewa kumjia. Akizeeka inarudi nyuma. Mimi mtu mzima nimesimama nikamkemea kijana wa miaka 17 kana kwamba saa yake ni yangu. Wajibu wa Alfajiri uko palepale, haupunguzwi na saa ya mtu yeyote. Lakini kumsaidia mtu atekeleze wajibu ni tofauti na kumtukana.

6. USIKU ULIPOONDOLEWA

Sasa nini kimebadilika? Taa.

Mwaka 1667 Paris ilianza kuwasha taa za mishumaa mitaani. Mwaka 1807 taa za gesi zikawashwa katika mtaa wa Pall Mall, London. Mwaka 1879 Thomas Edison akaonesha balbu yake Marekani. Edison aliuona usingizi kuwa ni upotevu wa wakati, na mtu mwenye mawazo hayo ndiye aliyetuwashia taa! Kiwanda kikaweza kufanya kazi usiku, duka likaweza kufunguliwa, mlinzi akawekwa getini mpaka asubuhi.

Siulaani umeme. Ndio unaomhudumia mama anayejifungua saa 8 usiku. Lakini ujue kilichotokea: kwa mara ya kwanza mwanadamu aliweza kuiambia saa yake kwamba bado mchana, kila siku, maisha yake yote. Na leo taa hiyo imeingia kitandani. Unaishika mkononi, sentimita 30 kutoka usoni, na inamulika kwa mwanga wa buluu. Zile seli za jicho hazijui kwamba unatazama video. Zinaona anga la asubuhi.

Tazama lugha yetu wenyewe. Mswahili anaanza kuhesabu saa jua linapochomoza: saa 1 asubuhi. Na jua likizama anaanza upya: saa 1 usiku. Sala zetu tano nazo zimefuata jua. Mtume s.a.w. alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo yasiyo na haja baada yake. Sisi tuna urithi wa kuishi na jua, kisha tunaulizana usiku wa manane mtandaoni: "Nani yuko macho?"

7. NILIMJIBU NINI YULE KIJANA

Nilimtafuta. Nilimwomba radhi kwanza, tena mbele ya wale wale walionisikia nikikemea. Kisha nikamwambia haya, nawe yachukue yanayokufaa.

Kwanza, asibebe abiria akiwa ametoka zamu ya usiku. Kusinzia si udhaifu wa imani, mwili unachukua deni lake kwa nguvu, na hapo haukuombi ruhusa. Riziki ya asubuhi ile isiwe kwa roho ya mama na mtoto.

Pili, akitoka kazini alale moja kwa moja, chumba kiwe giza. Aweke khanga mbili nzito dirishani, afunike macho, simu iwe mbali. Alale saa zile zile kila siku, maana saa ya ndani inapenda mazoea.

Tatu, wewe unayefanya kazi mchana: baada ya Alfajiri usirudi gizani moja kwa moja. Toka nje uone mwanga, hapo ndipo saa yako inarekebishwa. Usiku punguza taa, na kahawa iishie mchana. Saa ya kuamka iwe moja, hata siku ya mapumziko.

Nne, kama wiki zinapita na hulali, au unakoroma mpaka pumzi inakata, nenda hospitali. Dua na daktari havigombani.

Na tano, hili ni letu sote. Waajiri, mpunguzieni mlinzi zamu za mfululizo. Majirani, akiwa amelala mchana zimeni spika. Mke wa mlinzi, wazuie watoto mlangoni, Mungu akulipe. Tunalala kwa amani kwa sababu yupo anayekesha kwa ajili yetu, kama wale Wahadza kambini. Haki yake ni sisi tumlindie usingizi wake.

Yule kijana ameacha bodaboda ya asubuhi, sasa anaendesha alasiri akishalala. Pesa imepungua, ameniambia wazi. Baadhi yetu pale msikitini tumeanza kumtafutia kazi ya mchana. Ukiwa na nafasi mahali, usikae kimya.

Leo usiku, ukishaisoma darsa hii, izime simu. Utaisambaza asubuhi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.